Kutoka usukani hadi meza ya saa

Wengi mmeniuliza kama ni kweli naacha uofisa wa Safari Rally, mbio zetu za magari hapa Kenya. Ni kweli. Magoti yamekataa kusimama juani kutwa.

Nilianza kama dereva, enzi zile mbio zilikuwa za Pasaka na barabara hazifungwi. Unakata kona, unakutana na matatu iliyojaa au ng'ombe wa watu. Masika yakikolea, matope meusi yanameza magurudumu yote, na wanakijiji ndio wanaokutoa. Shujaa wetu alikuwa Joginder Singh, mshindi wa 1965, 1974 na 1976. Mimi sikuwahi kushinda, ila kufika mwisho tu kulikuwa sherehe.

Matairi yalipoanza kunilia mshahara, niliuza gari nikahamia kwenye meza ya saa, yaani kuandika muda wa kila gari linapofika kituo cha ukaguzi. Huko unajifunza ukali. Gari likichelewa kituoni dakika moja, linaongezewa sekunde 10 kwenye muda wake, kama adhabu. Likiwahi dakika moja, linaongezewa dakika nzima! Madereva wageni hawaamini, wanadhani kuwahi ni sifa. Kuna mmoja alinibembeleza kwa lugha ya kwetu. Nami nikamkatalia kwa lugha hiyo hiyo.

Mbio za ubingwa wa dunia zilipoturudia 2021, baada ya kutoweka tangu 2002, vumbi la Kedong kule Naivasha liliingia hadi kwenye chai yangu. Niliinywa hivyo hivyo, kwa raha zangu.

Vijana mnaotaka kujitolea, jiandikisheni mapema. Njooni na kofia, maji, na kibofu chenye subira.