Dele la kahawa lilivonifikisha KCSE

Nianze na rafiki yangu mmoja aliyenipotezea karibu mwaka mzima. Nlimwambia nataka kurudi kusoma nifanye KCSE, ule mtihani wa kumaliza sekondari hapa Kenya, manake mie niliishia kidato cha pili karo ilipotushinda nyumbani, na sasa nshatia miaka thelathini na moja nauza kahawa barazani Majengo, Mombasa. Akacheka. Akanambia, "Yakhe, Malcolm X, yule mpigania haki za watu weusi Marekani, aliacha shule mapema na dunia nzima ikamsikiza. Cheti ni karatasi tu, we uza kahawa yako." Na mie mjinga nikaridhika, nikawa nawarudishia wateja maneno hayo kama kasuku.

Siku moja mvua ya masika imeshika, hakuna hata mteja mmoja, nikasema hebu nimtafute huyu Malcolm mwenyewe kwenye simu. Kumbe kweli shule aliacha, akaingia jela 1946, lakini humo jela ndimo alimosoma mpaka akaharibu macho! Taa zikizimwa saa nne usiku yeye anateremka sakafuni karibu na mlango asomee mwangaza wa nje, askari akipita anaruka kitandani anajifanya amelala, askari akienda zake anashuka tena, hivo hivo mpaka saa tisa, saa kumi za alfajiri. Alipotoka 1952 si yule aliyeingia. Sasa mtu huyo ndiye wa kunipigia mfano eti hakusoma? Hasira zilinishika wallahi, na kwa hasira hizo hizo nikafanya ujinga wangu wa pili.

Manake nlisoma pia kwamba Malcolm alinakili kamusi nzima kwa mkono, ukurasa kwa ukurasa, na mwenyewe alisema kwamba katika ukurasa wa kwanza alimkumbuka mnyama mmoja wa Afrika mwenye masikio marefu anayekula mchwa, sisi twamwita mhanga. Nikasema na mie naweza. Nikanunua kamusi ya Kiingereza kuukuu kwa mwenye kutandaza vitabu chini, mia na hamsini ama mia mbili hivi, na daftari nene. Kufungua, kurasa za mwanzo zimenyofolewa, pengine zilishafungiwa karanga, kwa hivo huyo mhanga sikumuona. Mhanga nikawa mimi.

Siku kumi na tisa niliandika. Nimeinama juu ya daftari kama karani wa forodhani, wateja wananigongea vikombe sisikii. Siku ya kumi na tisa nimo katikati ya ukurasa, najiona msomi, nikasikia tang'! Maji yalikauka ndani ya dele, makaa yamekolea kwenye seredani, risasi iliyoshika mdomo wa dele ikayeyuka na mdomo wenyewe ukaangukia kwenye moto. Mzee mmoja aliyekuwa akicheza bao wala hakugeuka, akasema tu, "Msomi, dele lako limekata roho." Fundi alinitoza mia sita na siku mbili sikuuza. Na uchungu zaidi, nlipojitahini yale maneno, katika mamia yote nliyoyaandika nakumbuka labda kumi na matano, na hayo mengi ni ya bure, mtu hawezi kuyatumia hata akigombana.

Nisimlaumu Malcolm. Yeye jela ilimpa wakati, mie na dele langu sina wakati hata huo wa jela.

Aliyeniokoa ni Frederick Douglass. Huyu alizaliwa mtumwa Marekani, akiwa mtoto Baltimore bi mkubwa wake alianza kumfundisha herufi, mumewe akakataza, ati mtumwa akijua kusoma hafai tena. Basi yule mtoto akawa anatoka na mkate mfukoni, anawapa watoto wa kizungu maskini wa mtaani wamfundishe kusoma. Mkate kwa somo! Nlipofika hapo niliangalia dele langu, nikaangalia wale wazee: mwalimu mstaafu wa hesabu, mstaafu wa bandarini, karani wa mizigo, wote wanakunywa na kubishana mpira. Mie nimekaa juu ya chuo kikuu naulizia tangawizi.

Nikatangaza kikombe bure kwa kila somo. Haikufaulu! Kahawa walikunywa, somo likawa "kesho inshallah". Lakini Douglass alikuwa na hila nyingine. Alipotaka kujua kuandika alikuwa akimwambia mtoto anayejua, mie naandika sawa na wewe. Mtoto anabisha, anaandika ili amuoneshe, na Douglass anaiba herufi hapo hapo. Nikaigeuza kidogo hila hiyo, nikawa nakosea kwa makusudi, kwa sauti kubwa. Mtu wa Mombasa ukimwomba akufunze ana shughuli, lakini ukikosea mbele yake hapati usingizi.

Wa kwanza kunasa alikuwa yule wa bandarini. Namimina kahawa, nikasema kama sitaki, "Ule mgomo wa 1947 si ulikuwa wa watu wa reli kule Nairobi?" Kete zikamwanguka! "Nairobi ya wapi, we mtoto! Tarehe 13 Januari, hapa hapa Mombasa, watu kama elfu kumi na tano, makuli, watu wa reli, wa mahoteli, mji ukasimama." Akanyoosha mkono kuonesha upande kilipokuwa Kiwanja cha Maskini, humu humu Majengo, walikokuwa wakikutana kila siku. Akaja kwa Chege Kibachia, vile alivoongoza chama cha wafanyikazi mpaka serikali ikamkamata Agosti mwaka huo huo ikampeleka Baringo. Halafu akapunguza sauti. Babake alikuwa kuli, hajui hata kuandika jina lake, akawa anakwenda pale kiwanjani kila siku kusikiza, na aliporudi kazini alikuwa anajua kuuliza mshahara wake umehesabiwa vipi. Hajafunzwa na mtu darasani.

Mwenzake wa bao naye hakukubali kupitwa, akadakia kwamba sisi vijana tunakwenda hadi Marekani kutafuta watu wa jela na wetu tunaye, Abdilatif Abdalla wa hapa Mombasa, aliyefungwa 1969 kwa kijitabu cha kuuliza Kenya twendapi, miaka mitatu, akawa anaandika mashairi kwenye karatasi za chooni, na ndiyo yaliyotoka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Kahawa ya siku ile sikulipwa hata kikombe. Lakini usiku nliandika kurasa nne, na sikusahau hata neno.

Hesabu nlimtegea Mwalimu kwa njia hiyo hiyo. Naandika fomula mbovu sakafuni kwa kipande cha kaa, halafu naondoka kuosha vikombe. Nikirudi ameshafuta kwa soli ya kiatu na kuiandika upya, na mfano chini yake. Mwenye nyumba alilalamika baraza imekuwa nyeusi, bas nikamnunulia chokaa.

Nyinyi mnaotaka kufanya mtihani kama mie, kujisajili mtajua wenyewe, mie ilinila elfu saba na ushei, lakini kituo chenye maabara kitafuteni mapema, mie nusura nikose majaribio ya biolojia. Mitihani ya nyuma ndiyo iliyonisaidia kuliko kitabu chochote, pigeni kopi. Na vaeni vizuri siku ya kwanza, manake mie msimamizi aliniona mlangoni akaniuliza, "Baba, huyu mtoto wako wa chumba gani?"

Nlipata C ya kawaida. Hesabu D ya kujumlisha, Mwalimu hakunisemesha siku tatu. Historia A ya kutoa, na hiyo nimeilaminesha.

Siku hizi jioni barazani wapo watatu wanasoma, mama wa viazi karai, kijana wa bodaboda, na yule rafiki yangu wa "cheti ni karatasi", ambaye akiuliza swali anasema ni la mtoto wake. Mtoto wake ana miaka minne.

Juzi namimina, Mwalimu akasema polepole huku anaangalia barabara, "Mekatilili wa Menza aliwainua Wagiriama mwaka wa 1923."

Nikaruka. "1913, Mwalimu! 1913! Na Waingereza walimpeleka mpaka Kisii!"

Akaninyooshea kikombe nimwongeze, cha bure.