Maji ya Bati

Tengeru, Jumapili, 28 Desemba 2025, saa nne usiku

Wote wamelala. Wanangu watatu, wakwe wawili na wajukuu watano, ndani ya kijumba chenye vyumba viwili, magodoro yametandikwa mpaka barazani. Mzee amelala na tochi mkononi. Tangu jana usiku kila akishtuka anatoka nje kugonga tanki kwa vidole, asikie maji yamefika wapi. Mimi nimekaa jikoni na chai ya tangawizi, naandika kabla leo haijanitoka.

Kijumba hiki cha mbao tulikijenga 2019, mwaka niliostaafu ualimu. Mzee alinitangulia kustaafu kwa miaka minne, kwa hiyo yeye ndiye aliyekuwa na muda wa kusimamia mafundi, na kiinua mgongo changu ndicho kilichonunua msipresi na mabati. Shamba ni urithi kutoka kwa baba mkwe, liko juu ya ukingo wa Ziwa Duluti, nje ya msitu wa hifadhi. Mwanangu wa mwisho alitamani tujenge chini kabisa, mtu aamke aone maji miguuni. Mzee alikataa. Sheria ya mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa ziwa ziachwe bila shughuli za kudumu, na yeye aliyefanya kazi ya maji maisha yake yote asingeanza kuivunja uzeeni. Hivyo ziwa tunaliona kwa vipande, katikati ya matawi: kijani asubuhi, na jioni rangi ya bati. Ukitulia unawaona minandi kwenye magogo wakianika mabawa. Nilipokuja kuolewa huku kutoka Kibosho, mwaka 1982, mama mkwe aliniambia ziwa hili halina mwisho, ukitupa jiwe linashuka mpaka kesho. Mzee anasema waliolipima walikuta mita 9 hivi. Wajukuu nimewasimulia yote mawili, na hadithi ya mama mkwe ndiyo waliyoomba irudiwe.

Kila Desemba tunakuwa na kazi moja ya kufanya pamoja. Mwaka juzi tulitengeneza mizinga minne ya nyuki wadogo, wale wasiouma, ili watoto wacheze bila hofu. Mwaka jana ilikuwa benchi refu la barazani. Mwaka huu ni tanki la maji ya mvua, na hili halikuwa jambo la kujifurahisha tu. Mjukuu wangu wa miaka sita, mtoto wa mwanangu wa kwanza, hatarudi Dar es Salaam na wazazi wake. Kazi zao zimewabana, na Januari ataanza darasa la kwanza hapa Tengeru, akikaa kwetu. Meno ya mbele ya chini yameshatoka, ya juu yanacheza. Niliposikia anakuja kukaa, jambo la kwanza nililolifikiria halikuwa kitanda wala sare. Nilifikiria atakunywa maji gani.

Asiye wa huku huenda asinielewe. Mlima Meru ni volkano. Mvua ikinyesha juu huko inazama kwenye majivu na miamba, inapita ikiyeyusha madini ya floraidi, na inapotokeza chini kwenye chemchemi unakuta maji meupe, ya baridi, matamu. Jicho halioni kitu, ulimi hauonji kitu. Shirika la Afya Duniani linasema floraidi kwenye maji ya kunywa isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na upande wetu wa mlima kuna maji yenye mara kadhaa ya kiasi hicho. Kule Maji ya Chai, ambako mto wenyewe umelipa eneo jina kwa rangi yake, wapo watu wazima waliopinda miguu tangu utotoni. Wengi zaidi wana meno ya kahawia. Floraidi huingia kwenye jino likiwa bado ndani ya ufizi, linajengwa. Linapoota, doa limeshakuwa sehemu yake.

Mimi hayo sikuyajua. Nilikulia Kibosho, na huko kwetu meno meupe lilikuwa jambo la kawaida kama mgomba. Tulikuwa tunaishi kijijini, chini ya mlima, nikifundisha shule ya msingi. Mzee alikuwa porini na timu ya visima, Monduli, Longido, mwezi mzima akija nyumbani siku nne. Mwanangu wa kwanza alizaliwa 1984. Meno yake ya kudumu yalianza kuota 1990, na yalitoka na michirizi myeupe kama chaki, kisha taratibu yakageuka kahawia.

Niliona aibu. Mtoto wa mwalimu! Mimi ndiye niliyekuwa nakagua usafi kila Jumatatu, kucha, nywele, meno. Nikawa namsimamisha kila asubuhi nyuma ya jiko na mswaki wa mti na mkaa uliosagwa, namwambia sugua. Alisugua mpaka ufizi ukatoa damu, na kesho yake nikamsimamisha tena. Siku moja, akiwa darasa la tatu, nilimwita mbele ya wenzake na kumwambia kwamba mtu mvivu wa kupiga mswaki huonekana akifungua tu mdomo. Wenzake walicheka. Yeye aliangalia chini.

Jirani yangu, mama wa Kimeru aliyekuwa amezaliwa palepale, aliniambia zaidi ya mara moja, "Mwalimu, ni maji hayo." Nilimjibu kwamba maji yangu nayachemsha. Kweli nilikuwa nayachemsha, na nilijivunia hilo. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini floraidi inabaki sufuriani, na maji yakipungua kwa mvuke ndiyo inazidi kukolea. Tena nilikuwa natia magadi kwenye kiburu na kwenye makande, kama mama alivyonifundisha, kumbe nayo magadi yamejaa floraidi. Nilikuwa nampikia mwanangu kwa upendo wote niliokuwa nao.

Mzee ndiye aliyeleta habari kamili, baada ya kwenda kwenye mafunzo Ngurdoto, kwenye kituo kinachotafiti namna ya kupunguza floraidi. Alirudi na ndoo mbili zenye koki na gunia dogo la mkaa wa mifupa: mifupa ya ng'ombe inachomwa kwenye tanuru, inasagwa punje punje, maji yanapita juu yake na floraidi inanaswa. Wadogo wawili wa mwanangu wa kwanza walikunywa maji ya ndoo ile, na meno yao ni meupe. Yeye alikuwa ameshachelewa. Kwenye picha za harusi yake zote amefumba mdomo. Akicheka, mkono unapanda wenyewe.

Sikuwahi kumwomba msamaha. Kila mwaka nilisema nitafanya hivyo, na mwaka ukapita.

Kazi ya tanki ilianza Jumatatu. Watoto walisomba mawe kwa ndoo ndogo, baba zao wakapanga msingi, tukamwaga zege. Mzee alimpa mjukuu wa miaka sita kazi ya kushika pimamaji. Alimwonyesha kitone cha hewa na kumwambia kikikaa katikati ya mistari miwili, dunia imenyooka. Mtoto alipima msingi, akapima benchi, akapima meza ya chakula, akapima mgongo wa mbwa. Nilimtazama Mzee akichuchumaa pale na magoti yake mabovu, akisubiri kitone kitulie, na sikumbuki kumwona hivyo na watoto wetu wenyewe. Hakuwa mtu mkali. Hakuwepo tu.

Mjukuu wangu wa kike wa Moshi, miaka kumi, nilimpa hesabu. Bati letu linafunika mita 6 kwa 8, yaani mita za mraba 48. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Je, ikinyesha milimita 20? Aliandika kwa mkaa ukutani, jambo ambalo mama yake hakulipenda, akapata lita 960. Na simtanki la lita 5,000, tukitumia lita 30 kwa siku kwa kunywa na kupika tu? Siku 166. Akauliza kama masika itakuwa imefika kabla ya hapo. Nikamwambia itakuwa imefika na kupita. Ilinifurahisha kuliko madaftari mengi niliyosahihisha. Kufulia na kumwagilia tutaendelea na maji ya bomba.

Jumatano, mkesha wa Krismasi, jino la juu la mtoto likang'oka kwenye gunzi la muhindi. Nikamwambia alitupe juu ya bati, kama tulivyofanya sisi, ili lingine lije upesi. Alirusha kwa nguvu, tukasikia "ko!", kisha kimya. Babu yake akaendelea kufunga gata.

Siku ya Krismasi yenyewe ilikwenda kama zinavyokwenda Krismasi: kanisa, machalari, nyama choma, loshoro la wifi yangu ambalo wakwe wangu hawajalizoea bado. Ijumaa tuliwapeleka watoto kwenye makaburi ya Wapolandi, ndani ya eneo la chuo cha mifugo. Kuanzia 1942 mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1950 hapa Tengeru palikuwa na kambi ya wakimbizi kutoka Poland, watu kama 5,000, wengi wao wanawake na watoto waliong'olewa kwao na vita. Mjukuu wa kike alijaribu kusoma majina kwenye mawe, herufi zikamshinda. Yule mdogo akanivuta kanga.

"Bibi, na wao walikunywa maji ya hapa?"

"Walikunywa."

"Meno yao yalikuwa kama ya baba?"

Sikujua la kumjibu. Mwanangu alikuwa amesimama nyuma yetu. Akacheka, na mkono ukapanda mdomoni.

Mvua ilikuja jana usiku, saa nane. Ilianzia upande wa ziwa. Unaisikia msituni kwanza, kama watu wengi wanaotembea kwenye majani makavu, halafu ghafla iko juu ya kichwa. Mzee alishatoka na koti lake. Maji ya kwanza hayaingizwi kwenye tanki, yana vumbi na mavi ya ndege, kwa hiyo kuna bomba la pembeni la kuyamwaga. Alilifungua, akasubiri, akaangaza tochi mpaka akaona maji yametakata, ndipo akalifunga na kuyaelekeza tankini. Nyumba nzima ilikuwa imeamka. Watoto walipanga masikio kwenye plastiki, wote watano, wakisikiliza maji yakianguka ndani gizani. Hakuna aliyewaambia warudi kulala.

Leo asubuhi, kabla ya ibada, mwanangu wa kwanza alipanda ngazi kusafisha chujio. Nilikuwa jikoni nakoroga uji. Akaingia na majani mkono mmoja, na mwingine ameukunja.

"Mama, angalia."

Akafungua kiganja. Lilikuwa jino la mwanawe. Mvua ilikuwa imelishusha batini mpaka kwenye gata, na wavu ukalizuia. Dogo, jeupe kabisa. Aliliangalia muda mrefu kuliko nilivyotegemea, akaligeuzageuza kwa kidole gumba.

Niliipua uji. Nikatoka mpaka kwenye mpaka wa shamba, kwenye masale niliyoyapanda mwaka ule tulipojenga, nikachuma jani moja. Kwetu Uchagani ukimpelekea mtu isale unaomba msamaha, na aliyeletewa halitupi. Nimewaona watoto wakiwapelekea wazazi, ndugu wakipelekeana, majirani waliogombania mpaka. Mzazi kumpelekea mtoto wake sijawahi kuona. Niliogopa, nakiri, mikono ilinitetemeka.

Alikuwa bado amesimama jikoni. Nilimpa jani kwa mikono miwili.

"Ule mkaa, baba," nikasema. "Nyuma ya jiko. Na siku ile darasani."

Maneno mengine nilikuwa nimeyaandaa miaka thelathini, hakuna hata moja lililokuja.

Alilipokea. Alikaa kimya, nje watoto wakigombania nani agonge tanki.

"Nilikuwa darasa la nne, mama," akasema. "Si la tatu."

"La nne," nikasema.

Akalikunja jani taratibu, akalitia mfuko wa shati, na akaenda nalo kanisani hivyohivyo, ncha yake ya kijani ikichungulia.

Jioni nimechemsha maji ya kwanza ya tanki, tumekunywa kila mtu kikombe chake. Watoto wamesema hayana ladha. Jino amemrudishia mwenyewe, na mwenyewe amelirusha tena juu ya bati, mara hii upande wa pili, kwa sababu anadai upande ule wa kwanza haushiki.

Mzee ameamka. Namsikia kule nje, anagonga.