Walidhani sijui Kiswahili

Mimi ni muuza dagaa. Kwetu Mwanza ni dagaa, hapa Uganda ni mukene, na baada ya miaka tisa Jinja nawaita kwa jina lolote analolitaka mnunuzi. Kila Jumatano nashusha magunia Kampala, jioni narudi na taksi. Taksi ya hapa ni kile kigari cha abiria 14, wageni wangu kutoka nyumbani huwa wanadhani nina hela za kukodi gari.

Jumatano hiyo nilikaa dirishani, kiti cha pili kutoka nyuma. Na konda niliongea Kiganda tu: nauli, chenji, mguu wangu uliobanwa na jerikeni la mtu. Nadhani ndicho kilichowatoa hofu wanaume wawili waliokaa nyuma yangu. Mmoja alisema, "Hawa hawasikii," wakaendelea kwa Kiswahili.

Kwa asiyeishi huku, hapo panahitaji maelezo. Kiswahili Buganda kina jina baya la muda mrefu. Wazee wanakikumbuka kama lugha ya wanajeshi wa vizuizini enzi za Amin, na ya wezi waliogonga milango usiku. Amin alikitangaza lugha ya taifa mwaka 1973, na hilo halikukisaidia. Ndiyo, Julai 2022 baraza la mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima shuleni, na watoto wa jirani zangu wanakuja kuniuliza maana ya "kitenzi". Lakini mama mwenye nyumba wangu akisikia Kiswahili nje baada ya saa tatu usiku anafunga dirisha. Kwa hiyo watu wakikiongea ndani ya taksi, wanakiongea kama walio chumbani kwao.

Chao kilikuwa Kiswahili cha barabarani, kile kinachookotwa Malaba na kutupwa Juba. Mwanzoni sikujali. Walikuwa wanamsema dada mmoja wa mobile money.

"Ijumaa ndiyo yenyewe. Wakata miwa wanalipwa, anakuwa na kesh nyingi."

"Anafunga saa ngapi?"

"Saa mbili. Anapita ile njia ya nyuma ya kanisa, na katoto."

"Akipiga kelele?"

"Ukishika katoto hapigi."

Sikugeuka. Nilichokiona ni mkono mmoja tu ulioshika mgongo wa kiti changu, karibu na sikio langu: kidole gumba chenye ukucha uliokufa, mweusi kama mbegu ya papai. Niliutazama ukucha ule kutoka Mukono mpaka mashamba ya miwa.

Nilijaribu kujidanganya. Labda ni soga. Vijana hujigamba, nami nimesikia wavulana wa mwaloni, pale ufukweni dagaa wanaposhushwa, wakiapa kuiba meli nzima na jioni wanakopa chapati. Kilichoniondolea shaka ni njia ya nyuma ya kanisa. Anayejigamba anataja pesa. Hawa walitaja saa, njia na mtoto.

Nikatoa simu nikaandika kila nilichosikia, kwa Kisukuma, ili jirani yangu akichungulia asiambulie kitu. Saa mbili. Kanisa. Kibanda cha buluu kona ya duka la saruji, maana hilo nalo walilitaja.

Sasa nifanyeje? Kuna neno moja la Kiganda ambalo lingeyamaliza mambo palepale: mubbi, yaani mwizi. Ukilipiga kwa sauti stendi yoyote ya hapa, hutahitaji kulirudia. Nililiona likifanya kazi mara moja, sokoni, kwa kijana aliyedaiwa kuiba simu. Sijui kama aliiba. Najua kandambili yake moja ilibaki katikati ya barabara mpaka jioni na magari yalikuwa yanaikwepa. Kwa hiyo neno hilo nililimeza. Waliokuwa nyuma yangu walikuwa wamepanga tu, bado hawajashika mtoto wa mtu, na mimi sikuwa tayari kulala na roho mbili kichwani kwa kumwokoa dada nisiyemjua.

Kuwageukia na kuwaambia "Nimewasikia" pia nilikuwaza, nikajicheka. Mama wa miaka 46 mwenye harufu ya dagaa.

Walishuka kwenye mji mdogo kabla ya msitu wa Mabira, sitautaja. Sikushuka nao. Nilishuka Najjembe, pale wanapouza kuku wa kuchoma na gonja, yaani ndizi za kuchoma, nikanunua gonja mbili nisizozitaka, nikakaa kama nusu saa, kisha nikachukua boda kurudi. Kibanda kilikuwa palepale, buluu, kona ya saruji.

Na hapo nikaharibu. Nilimfuata yule dada moja kwa moja, nikainama kwenye kidirisha, nikamwambia kwa Kiganda changu chenye lafudhi: kuna watu wanataka kukuibia Ijumaa, wanajua unapita nyuma ya kanisa, wanajua una mtoto. Nilitegemea ashtuke. Alishtuka kweli, lakini kwa sababu yangu. Mkono wake ulikwenda kwenye droo ukakaa hapo. "Nani amekutuma, nnyabo?" Yaani, mama. Jiweke kwenye nafasi yake. Kila wiki mawakala wanatapeliwa na watu wenye hadithi nzuri, na huyu mgeni anajua mpaka njia ya mtoto wangu! Kadiri nilivyotaja mambo ya kweli, ndivyo nilivyozidi kufanana na jambazi. Akafunga kidirisha.

Tangu mabomu ya Julai 2010, yaliyoua zaidi ya watu 70 Kampala wakitazama fainali ya Kombe la Dunia, watu wa hapa wameambiwa mara nyingi: ukishuku kitu, sema. Sikumbuki aliyewahi kutuambia namna ya kusema mpaka mtu akusadiki.

Muuza saruji ndiye aliyenionyesha kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Ningeanzia huko. Mzee alikuwa kibarazani na muhuri wake kwenye kopo la kahawa, nikaanza kujikongoja kwa Kiganda, akanikatiza: "Sema Kiswahili, mama. Mimi nilikuwa jeshini." Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, hakina "tafadhali" hata moja, lakini nilikaribia kulia. Nikamsomea simu yangu, Kisukuma nikikigeuza. Aliuliza maswali mawili tu: walishuka wangapi, na yule wa ukucha ni mkono upi. Wa kushoto. Akanyanyuka, akaenda kwa yule dada mwenyewe. Amemjua tangu anazaliwa. Yeye hakuambiwa "nani amekutuma".

Kisha tukaenda polisi. Kwa jambo linalotokea sasa hivi ningepiga 999 au 112, lakini langu lilikuwa la keshokutwa, na la keshokutwa linataka kuandikwa. Kwenye kile kituo kidogo waliandika maelezo yangu kurasa mbili, wakaangalia kibali changu cha kuishi kwa muda mrefu kuliko walivyoangalia maelezo, na mwisho wakaomba hela ya mafuta ya pikipiki. Nilitoa elfu kumi. Mzee alitazama ukutani wakati naitoa, sote tukajifanya hatukuona.

Baadaye mteja wangu mmoja wa Jinja, wakili, alinieleza jambo nisilolijua. Sheria ya adhabu ya Uganda inamhesabia kosa mtu anayejua kwamba mwenzake anapanga kosa kubwa na asitumie njia za busara kulizuia. Na kukaa kupanga kosa kubwa ni kosa tayari, hata kama halijatendeka. Nikamuuliza, njia ya busara ni ipi, ile gonja? Akacheka, akasema hakuna anayetarajia mama arushane ngumi ndani ya taksi; ulichokisikia ukifikishe kwa anayeweza kufanya kitu. Nilikuwa nimeshafanya hivyo bila sheria, ila nakiri ilinipa usingizi.

Ijumaa nilikuwa Jinja nahesabu magunia na kuyakosea. Saa tatu kasorobo mzee akapiga simu. Dada alifunga saa kumi mchana, pesa zikaondoka na mjomba wake ndani ya gunia la mkaa, mtoto akalala kwa bibi. Askari waliahidi kuwepo saa kumi na mbili, wakafika saa mbili na nusu. Katikati ya hapo, vijana wawili walikaa mkabala na kibanda kilichofungwa, wakanywa soda moja moja kwa saa nzima, wakapanda boda wakaondoka. "Ni wao?" nilimuuliza. "Mmoja alikuwa ameweka mkono wa kushoto mfukoni," akasema, "anakunywa na wa kulia."

Yule dada sasa ni mteja wangu. Hajawahi kuniomba msamaha, nami sikuutaka; ananunua kilo tatu kila mwezi na hakuna siku ameomba punguzo, na kwa muuza mukene hiyo inatosha. Anafunga saa kumi na moja, na njia ya kanisa ameiacha.

Tatizo ni kwamba mzee yule hana siri. Habari ilipanda taksi kabla yangu, na sasa makonda wa njia ile wote wananiita Mama Mwanza na kunijaribia Kiswahili chao. Miezi miwili baadaye, Jumatano tena, nilipanda jioni nikakaa nyuma ya dereva. Konda akapiga kelele mlangoni, "Mama Mwanza! Habari ya dagaa?" Aliyekaa pembeni yangu aligeuka akanitazama. Mkono wake ulikuwa juu ya goti, kidole gumba kikiwa na ukucha mpya uliofika nusu, na ncha yake bado nyeusi.

"Bulungi, ssebo," nikamjibu konda kwa Kiganda, nzuri bwana, nikashika nauli yangu mkononi na kuangalia nje mpaka Mukono.