Twiga wa Salenda

Jumamosi nilikaa darajani Salenda, Dar es Salaam, na rangi zangu za maji, nachora pale Msimbazi unapoingia baharini. Mto huu wengi tunaujua kwa mafuriko ya Jangwani tu, lakini maji yakishakupwa, tope la mikokoni lina kahawia, kijivu, hata zambarau kidogo, na kaa wanapishana kwenye mizizi. Chupa za plastiki nazo nimezichora. Zipo, nizifiche ili iweje?

Kijana akachungulia: “Kaka, mbona hujaweka twiga?”

Tangu mchoraji marehemu Edward Saidi Tingatinga aanze kuchora wanyama kwa rangi za baiskeli miaka ya 1960, picha bila mnyama watu hawaielewi. Naipenda michoro ya Tingatinga, ila twiga Salenda atoke wapi jamani? Nikamwonyesha yangeyange topeni. Akasema huyo sawa, ila miguu myembamba mno, niinenepeshe. Sijainenepesha.