Sakafu au kichuguu

Nimerudi mikono imepasuka, mgongo unauma, ila nisipoandika leo kesho kumbukumbu itakuwa imeshajipanga vizuri kuliko ilivyotokea, na sitaki hivyo.

Tupo wiki ya tatu ya uchimbaji wa akiolojia, yaani kutafuta mabaki ya watu wa zamani ardhini, kwenye shamba moja nje ya Tabora mjini, upande wa kuelekea Kwihara. Mwenye shamba alikuwa anachimba msingi wa banda la mbuzi akakutana na vipande vya udongo ulioungua, vina alama za fito, akaacha palepale akatafuta watu wa kuwaambia. Namshukuru kila siku yule baba, maana wengi wangeendelea tu kuchimba na banda lingekuwa limeshasimama.

Jumatatu nilikuwa nakwangua kona ya kaskazini ya skwea yetu, yaani shimo la mraba tunalochimba, kwa mwiko wa uashi, taratibu, nikamwagia maji kidogo kwa ile pampu ya dawa ya bustani ili rangi zijitokeze, na zikajitokeza kweli. Madoa saba meusi ya duara, kila moja upana wa mdomo wa kikombe hivi, yamekaa kama mstari, na pembeni yake kipande cha udongo mwekundu mgumu kama tofali, ukikigonga kinalia. Aisee moyo ulinienda mbio. Niliona nyumba, yaani niliiona kabisa, nguzo hizi hapa, sakafu hii hapa, mlango lazima uko kule.

Na sio nyumba yoyote tu, mimi nilikuwa nimeshaamua ni tembe, nyumba ya udongo yenye paa bapa, la zama za misafara ya biashara. Ukiwa unachimba upande ule wa Kwihara huwezi kukwepa hilo wazo. Wasafiri wa Kizungu wote walipita huku: Burton na Speke walifika hapa Unyanyembe, jina la zamani la eneo hili la Tabora, mwaka 1857, Stanley na Livingstone walikaa Kwihara mwanzoni mwa 1872 baada ya kukutana Ujiji, Stanley akaondoka Machi, Livingstone akabaki akisubiri wapagazi mpaka Agosti. Pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo walipita hapa kuelekea Bagamoyo. Bibi yake bibi yangu alikuwepo kwenye ardhi hii wakati huo na jina lake hakuna kitabu kilicholiandika, ndio maana naitaka sana hiyo nyumba, nataka iwe ya watu wa hapa walioishi kando ya ile njia. Hiyo ndio hamu yangu na naiandika hapa ili nijue ipo.

Mwalimu wetu aliangalia madoa yangu, hakusema nguzo wala hakusema sio nguzo. Akaniuliza kwenye daftari umeandika nini. Nilikuwa nimeandika "mashimo ya nguzo 7". Akaniambia futa, andika "madoa 7", rangi yake, upana wake, umbali wake, jina utalipa baadaye. Nilikasirika kidogo kusema ukweli, lakini nikafuta.

Jumanne tukaanza kuyakata nusu nusu. Doa unalikata kama unavyokata embe, unatoa nusu ya udongo, nusu nyingine unaiacha imesimama ili uone umbo kwa ubavu. Shimo alilochimba mtu kwa ajili ya nguzo kuta zake zinashuka wima, chini panakaa bapa au pana mviringo mzuri, mara nyingi utakuta mawe au vipande vya udongo vimeshindiliwa pembeni kukaza mti. Mzizi hauko hivyo, unakonda unavyoshuka, unapinda, unatoa matawi. Doa la kwanza wima. La pili wima, na lina mawe matatu yamebana upande mmoja. La tatu wima, la nne wima. La tano likaanza vizuri alafu kwenye sentimita 20 likakata kona likaelekea kwenye mwembe uliopo mpakani mwa shamba. La sita hivyohivyo.

Na kwenye hilo la tano, ndani ya udongo mweusi laini, ndipo nilipopata ushanga. Mwekundu, wa kioo, mdogo kuliko punje ya mtama, upande mmoja umemeguka. Nilitamani ungekuwa kwenye la pili! Ushanga wa kioo uliokaa chini ya nguzo ungetuambia nguzo ilisimikwa baada ya ushanga kufika hapa. Ushanga uliokaa kwenye njia ya mzizi hautuambii kitu, mzizi ukioza unaacha tundu na kila kitu cha juu kinateremka humo, panya nao wanafanya kazi yao. Mkaa tumechukua, tumefunga kwenye foili, ila rediokaboni, kile kipimo cha maabara cha umri wa mkaa, kwa vitu vya karne mbili tatu za karibuni haikati vizuri, inaweza kukupa majibu mawili matatu yaliyoachana miaka mia. Kwa hiyo kaushanga kangu kamekaa kwenye kimfuko kameandikwa "doa la 5" na ndio hivyo.

Kipande chekundu ndicho kilitusumbua zaidi. Mwenzangu mmoja anasema ni kitako cha kichuguu cha zamani kilichosawazishwa na jembe, na hoja yake ina nguvu maana huku vichuguu viko kila mahali na kikishakauka kinakuwa kigumu vilevile, ukikivunja ndani kina vijitundu vya mchwa. Chetu kina vijitundu. Mimi nikashikilia sakafu. Tukabishana mpaka saa ya kula.

Mama yake mwenye shamba huwa anakuja na kigoda chake anakaa chini ya mwembe. Nikampelekea kipande.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Mmepata nini leo?"

Akakisugua kwa kidole gumba, akakigeuza, akakinusa. "Hiki cha kichuguu."

Nikajisikia vibaya. Nikamuuliza kwa hiyo sio sakafu?

Akaniangalia kama hajaelewa swali. "Sasa sakafu tulikuwa tunapiga kwa udongo gani? Unachota kichuguuni, unaponda, unamwagia maji, mnapiga wote mpaka usiku. Udongo mwingine unapasuka."

Nilikaa chini kabisa. Siku mbili tunabishana sakafu au kichuguu, kumbe swali lenyewe tulilikosea. Swali ni huo udongo ulibebwa ukaletwa, au umekaa palepale mchwa walipoujenga. Na hilo linaonekana ukikata. Jana tukakata ukanda mwembamba kuanzia juu mpaka chini. Kitako cha kichuguu vijitundu vyake vinaendelea kushuka kwenye udongo wa chini bila kukoma, hakina mpaka. Chetu kina mpaka, unene wa vidole vinne, chini yake mstari ulionyooka na majivu membamba, alafu udongo wa kawaida. Vijitundu vichache vimetoboa kutoka juu, mchwa waliokuja baadaye.

Umeletwa. Mtu aliubeba.

Ila bado sijaandika "sakafu", maana kuna jambo la tembe linalonizuia. Paa lake ni bapa, boriti, fito, nyasi, alafu udongo juu. Likianguka ule udongo wote unashuka unajilaza vizuri ndani ya kuta, sasa wewe unayechimba unakutana na tabaka gumu unasema sakafu, unashuka tena unakutana na lingine unasema sakafu ya pili, nyumba ilijengwa mara mbili, na wakati la juu lilikuwa paa. Yale majivu chini ya udongo wetu yanaweza kuwa ya nyasi za paa lililoungua. Kama ni hivyo basi sakafu yenyewe bado iko chini na hatujaifikia, na zile nguzo nne zinabeba kitu kizito kuliko nilivyofikiri.

Doa la saba hatujalikata. Liko nusu ndani ya ukuta wa shimo, tukitaka kuliona lazima tupanue kuelekea kwenye banda, na yule baba amesema sawa, mbuzi watasubiri. Mawingu yameanza kukusanyika upande wa mashariki, tumefunika turubai tukaweka mawe kila kona. Saa kumi na mbili asubuhi niko pale.