Nilivyoipiga picha M42, nebula ya Jabari, kwa stendi tu, uwani Fuoni

Kamera ni ya megapikseli 24 yenye sensa ya APS-C (saizi ya wastani), lenzi ya milimita 135, stendi na rimoti ya kuhesabu picha. Mashine ya kufuata nyota niliiacha ndani. Mhimili wake lazima uelekee ncha ya kusini ya mbingu, nukta ambayo nyota huonekana kuizunguka, na hapa Unguja ncha hiyo iko nyuzi 6 tu juu ya upeo, yaani nyuma ya ukuta na minazi ya jirani.

M42, nebula (wingu la gesi na vumbi) ya kundi la nyota la Jabari, kwetu hupita karibu na utosi. Katikati ya Januari hufika juu kabisa kama saa 4:20 usiku. Nilianza saa 2:15 ikiwa bado mashariki na kumaliza mapema, kwani ikishafika utosini kichwa cha stendi hakigeuki na kioo cha kamera hakionekani mpaka ulale chini. Chagua usiku wa kiza. Umeme ukikatika mtaani, ndiyo neema yenyewe.

Kila picha sekunde 1, tundu la lenzi f/2.8, wepesi wa sensa ISO 3200, faili ghafi (RAW). Nyota za huko ziko karibu na ikweta ya mbingu, ndizo zinazokimbia kuliko zote: kwa lenzi hii sekunde moja tu zimeshasogea pikseli 2 na nusu. Nilipojaribu sekunde 3 zikawa vijiti. Kila picha 200 niliirudisha nebula katikati, hadi zikatimia 1,200.

Fokasi niliifanya kwa nyota ya Rijili, kioo kikiwa kimekuzwa mara 10: zungusha pete mpaka nukta iwe ndogo kabisa, kisha ibandike tepu. Kabla ya hapo kamera ikae nje nusu saa ndani ya begi. Ukiitoa moja kwa moja chumba chenye AC, lenzi inavaa ukungu. Na ukiona kila nyota ina duara la mwanga, usilaumu fokasi kwanza. Futa lenzi, huenda ni chumvi ya pwani.

Baadaye nilipiga picha 40 kifuniko kikiwa juu ya lenzi, mipangilio ileile, na 30 za fulana nyeupe iliyotandazwa mbele ya lenzi bila kugusa fokasi. Za kwanza huondoa chembechembe za joto la sensa, za pili huondoa kivuli cha pembeni na madoa ya vumbi.

Kuziunganisha picha zote ziwe moja nilitumia programu ya Siril, ni ya bure. Hapa ndipo nilipokwama: kwa biti 32 kila picha huvimba hadi MB 288, hivyo 1,200 zinataka zaidi ya GB 340, na diski ikajaa katikati ya kazi. Nikaunganisha 200 kwa 200, nikifuta mafaili ya muda kila mara, halafu nikaziunganisha zile sita zilizopatikana. Mwanga wa taa za mtaa uondolewe kabla ya kuvuta mwangaza, yaani kuzing'arisha sehemu hafifu, na usivute sana, kitovu kinageuka cheupe.

Rangi ilitoka ya waridi. Wekundu wa haidrojeni uko kwenye nanomita 656, na kichujio kilicho mbele ya sensa huuzuia kwa sehemu kubwa. Wapo wanaokitoa, kamera yangu hupiga na harusi, sikuigusa.