Nilivyoiandaa rangi ya Premio nyeusi kabla ya kuwasha mashine ya polishi

Toyota Premio yangu ni nyeusi, na rangi nyeusi haifichi kitu. Jua la Dar es Salaam likiipiga, unaona mikwaruzo myembamba imetapakaa boneti nzima, matokeo ya miaka ya matambara makavu na sabuni ya unga. Rafiki yangu fundi rangi alikubali kuniazima mashine yake, ila kabla ya kunikabidhi aliniambia, "Kaka, mashine haichagui. Mchanga ukiuacha juu ya rangi, itausagia humo humo." Kwa hiyo nguvu zangu nyingi niliziweka kwenye maandalizi.

Nilifanya kazi kivulini, bodi ikiwa imepoa, na nikatumia maji ya bomba kwa sababu yale ya kisima chetu yana chumvi na huacha madoa. Nililimwagia gari maji mengi kwanza bila kuligusa, vumbi lishuke lenyewe. Kisha ndoo mbili: moja ya shampuu ya gari, nyingine ya maji matupu ya kusuuzia glavu ya kuoshea. Nikaanzia kwenye paa kushuka. Sehemu za chini za milango na nyuma ya matairi huwa za mwisho, maana mchanga umejazana huko.

Kwa macho gari lilikuwa safi. Nikavaa mfuko mwembamba wa mkate mkononi, nikapitisha vidole taratibu juu ya boneti, na rangi ikakwaruza kama msasa. Bila mfuko nisingehisi kitu. Ule ni uchafu uliong'ang'ania rangi: lami, utomvu wa miti, na chembechembe za chuma zinazoruka kutoka kwenye breki.

Lami niliilowesha kwa dawa yake na kuisubiri ilainike, ikafutika bila kusugua. Kwenye chuma nilipulizia dawa ya kuyeyusha chembe hizo, na hapa ndipo nilipoelewa nilikuwa nikiendesha nini. Dawa haina rangi, lakini baada ya dakika chache ilianza kugeuka zambarau, vidoa vidogo vidogo kwanza, halafu michirizi ikatiririka mlangoni, hasa karibu na magurudumu. Inanuka yai viza. Vaa glavu, fanyia penye hewa, na uisuuze kabla haijakauka.

Kilichobaki nilikitoa kwa klei, ule udongo laini wa kunata unaouzwa kwa ajili ya rangi za magari. Niliukanda ukawa bapa, nikapulizia maji ya shampuu kwa wingi, nikausogeza kwa mistari iliyonyooka bila kukandamiza. Mwanzoni unakwama na kutoa mlio, kisha unateleza kimya. Kila nilipomaliza sehemu niliukunja upate uso mpya. Ukidondoka chini, tupa, hata kama ni mpya. Klei yenyewe huweza kuacha alama ndogo kwenye rangi nyeusi, kwa hiyo mimi siitumii kama sina mpango wa kupiga polishi baadaye.

Baada ya kukausha kwa taulo la maikrofaiba nilipita na kipimo cha unene wa rangi. Rangi ya kiwandani mara nyingi huwa kati ya maikroni 90 na 150, na klia, lile tabaka angavu la juu ambalo polishi hulipunguza, ni kama 40 tu, nyembamba kuliko unywele. Mlango mmoja ulisoma zaidi ya 400, ishara kwamba chini kuna puti (udongo wa kuzibia mabonde ya bodi) na rangi ya gereji, nao nikapanga kuugusa kidogo sana. Bampa ni la plastiki, kipimo cha aina hii hakilisomi.

Nikabandika tepu ya karatasi kwenye raba za madirisha, plastiki nyeusi, nembo na kingo kali za bodi. Kingoni rangi ni nyembamba na pedi, sponji ya mashine, huila haraka. Polishi ikikaukia kwenye plastiki isiyopakwa rangi, kuitoa ni kazi.

Mwisho nilifuta kwa alkoholi ya isopropili iliyozimuliwa kwa maji, mafuta yote yaondoke, nikamulika kwa tochi kutoka pembeni. Mikwaruzo yote ikajitokeza ilivyo. Nikachagua kipande cha boneti cha sentimita 40 kwa 40, nikajaribu pedi laini na polishi nyepesi kuliko zote. Ilitosha, na gari lote nikalimaliza kwa hizo hizo.